Maswali na Majibu: Sakafu ya Gari Iliyoliwa na Kutu

Tangu masika yaanze kupungua, barua zinazoletwa katika safu hii zimekuwa zikirudia jambo moja: mtu ameinua zulia la gari lake la zamani na kukuta sakafu imeoza. Safari hii nimeona nafasi yote itumike kwa jambo hilo, na barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeiandika ameuliza kile ambacho wengi wanakihitaji.

Swali. Ndugu Mhariri, marehemu baba aliniachia Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, ambayo imekaa chini ya mwembe kwa miaka kadhaa. Injini inawaka vizuri, lakini nilipoinua zulia la mbele niliona mchanga wa uani kwetu. Chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, betri imekalishwa juu ya kipande cha ubao kwa sababu bati lililokuwa hapo limekwisha kabisa. Fundi wa kwanza amenishauri nibandike bati jipya juu ya lile la zamani, na wa pili ameniambia niliuze gari kama chuma chakavu. Sitaki kuliuza. Nianzie wapi?
*Msomaji, Tanga*

Jibu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Ushauri wa mafundi hao wawili siuafiki hata mmoja. Gari hilo linatengenezeka, na katika magari ya zamani ni machache ambayo sakafu yake imeundwa kwa namna inayompa fundi nafasi ya kufanya kazi safi kama Beetle. Sakafu yake ni kitu kinachojitegemea. Katikati kuna uti, ule mwinuko unaopita kati ya viti viwili vya mbele. Nusu mbili za bati zimechomelewa kulia na kushoto kwake. Kisha bodi nzima imekalishwa juu na kufungwa kwa bolti zinazozunguka ukingo, katikati yake ukipita utepe wa raba wa kuzuia maji. Nusu hizo za sakafu bado zinatengenezwa hadi leo, zikiwa zimekwisha kukandamizwa umbo lake, kwa hiyo hata kama upande mzima umeoza unaweza kuukata na kuweka mwingine badala ya kushona viraka ishirini.

Kabla hujanunua chochote, pima uharibifu. Toa viti vyote, zulia, na zile pedi za lami zilizobandikwa kiwandani kwa ajili ya kupunguza kelele, kwa maana chini ya pedi hizo ndiko maji yanakokaa bila kuonekana. Chukua nyundo ndogo na bisibisi ya zamani usiyoihurumia. Gonga sakafu polepole kuanzia mbele kwenye pedeli hadi chini ya kiti cha nyuma, huku ukisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, kama unagonga ubao uliolowa. Pale sauti inapobadilika, sukuma bisibisi kwa nguvu ya kawaida ya mkono, na ikiwa inapenya, au ikiwa chuma kinafunuka tabaka kwa tabaka kama chapati iliyokunjwa kwa mafuta mengi, zungushia chaki. Jiandae kuona mzunguko wa chaki ukiwa mkubwa mara tatu kuliko tundu uliloliona mwanzoni. Chuma kikigeuka kutu huvimba na kuchukua nafasi kubwa kuliko awali, ndiyo maana bati linaweza kuonekana nene na imara ilhali ndani yake hakuna kitu.

Sasa lala chini ya gari, likiwa limesimamishwa juu ya stendi imara na wala si juu ya jeki peke yake, ukague yale maboksi marefu yaliyo chini ya milango. Katika Beetle maboksi hayo hupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini kwenda mbele, kazi ambayo huku pwani hakuna anayeihitaji, lakini ndiyo yanayoipa bodi ugumu wake pembeni, na ndani yake mna bamba zenye hesi zinazopokea bolti za sakafu. Jaribu kulegeza bolti mbili tatu kwa spana namba 13. Kama bolti inazunguka tu bila kutoka, bamba la juu yake limeng'oka kwa sababu boksi limeoza, na hapo kazi yako si ya sakafu peke yake. Dalili nyingine ni mlango: ukifunguka kwa shida, au ukibidi kuunyanyua kidogo ndipo ufunge, bodi imeanza kulegea pembeni. Ikiwa ndivyo, usikubali mtu yeyote akate boksi kabla hajafunga vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Milango ibaki mahali pake wakati wa kupima, kwa sababu ule mwanya unaozunguka mlango ndio utakaokuambia kama bodi imepinda au haijapinda. Nimeona gari lililokatwa maboksi yote mawili kwa siku moja bila kufungwa chochote, na baada ya hapo milango yake haikufunga tena sawasawa.

Kuhusu betri. Upande wa kulia wa nyuma umeoza zaidi kwa sababu tindikali ya betri, ambayo ni asidi ya salfuri, ilimwagika au kuvuja kama mvuke kwa miaka mingi. Tindikali hiyo ukiichomelea juu yake au kuipaka rangi itaendelea kula kazi yako mpya kutoka chini. Toa betri, kisha koroga magadi ya kawaida ya jikoni, yale ya kulainishia maharage, katika ndoo ya maji ya uvuguvugu na umwagie eneo lote. Litatoa povu. Endelea kumwagia mpaka povu liishe, suuza kwa maji safi, ukaushe siku hiyo hiyo. Vaa glavu na miwani wakati wote. Na siku utakaporudisha betri, hakikisha ina kifuniko kisichopitisha umeme, kwa sababu springi za kiti cha nyuma zikibonyea kwa uzito wa abiria zinaweza kugusa ncha za betri na kuwasha moto. Jambo hili limechoma magari mengi ya aina hiyo, na kinga yake ni kipande cha raba na kifuniko cha plastiki.

Jambo la tatu, ambalo mafundi wote wawili hawakukutajia, ni maji yanaingilia wapi. Sakafu huanza kuoza kwa sababu maji yaliingia na hayakutoka, na kama njia yake haikuzibwa utakuwa umenunua bati jipya kwa ajili ya kutu ile ile. Mwite mtu aketi ndani na kurunzi, wewe ushike mpira wa maji nje. Anza kumwagia chini, kwenye vizingiti vya milango, dakika kadhaa kila sehemu, kisha panda kidogo kidogo hadi kwenye raba za vioo. Ukianza juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yaliingia kwa ipi. Katika gari lako watuhumiwa wakubwa ni raba ya kioo cha mbele iliyokakamaa kwa jua, raba za milango, na majani ya mwembe yaliyoziba matundu ya kutolea maji chini ya milango. Usisahau kuangalia eneo la tanki la mafuta chini ya boneti ya mbele, kwa kuwa raba ya boneti ikichakaa maji hukusanyika huko na kupenya hadi miguuni.

Tukija kwenye kazi yenyewe, kuna hatari moja ambayo nakuomba umsomee fundi wako aya hii kwa sauti. Bomba la mafuta la Beetle, linalotoka kwenye tanki la mbele kwenda kwenye injini iliyo nyuma, limepita ndani ya ule uti wa katikati, pamoja na waya wa klachi na waya wa akselereta. Nusu za sakafu zinachomelewa kwenye uti huo huo. Kwa hiyo tanki litolewe na kupelekwa mbali na eneo la kazi, bomba litolewe mafuta yote na kupulizwa kwa hewa, na betri iondolewe kabisa garini, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche moja. Wakati wa kuchomelea awepo mtu wa pili asiye na kazi nyingine ila kuangalia moto, akiwa na ndoo ya maji na kizima-moto, na abaki hapo nusu saa nzima baada ya mashine kuzimwa. Kipande cha zulia au pedi ya lami kinaweza kufuka taratibu wakati nyinyi mmekwenda kula.

Kata kutu mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, kisha ongeza sentimita mbili au tatu. Usimhurumie fundi anayelalamika kwamba tundu limekuwa kubwa, kwa sababu chuma chembamba kilichobaki na vishimo hakiwezi kushika weldi. Kitayeyuka tu na kuacha tundu jingine pembeni ya lile la kwanza. Kwa eneo dogo, tengeneza kwanza kielelezo cha katoni, ukikate na kukikunja mpaka kikae sawasawa na mikunjo ya sakafu, ndipo ukihamishie kwenye bati. Mikunjo ile ya kiwandani iliwekwa ili kulipa bati nguvu, kwa hiyo bati lililo bapa kabisa litakuwa linapigapiga kama mfuniko wa sufuria kila unapopita kwenye matuta. Bati jeusi la geji 18, lenye unene wa karibu milimita 1.2, linatosha. La geji 16 ni gumu kulikunja na haliongezi faida ya maana.

Mashine inayofaa ni ya MIG, ile inayotoa waya wenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 na gesi ya kukinga weldi. Mashine ya kawaida ya vijiti, hasa vijiti vya milimita 2.5 vilivyozoeleka kwenye karakana za mageti na madirisha, ina joto kali mno kwa bati la sakafu. Gesi ya oksijeni na asetilini inafanya kazi mikononi mwa fundi mzoefu, lakini husambaza joto na bati hupinda. Kwa mashine yoyote, fundi asichore mstari mmoja mrefu. Aweke pointi moja hapa, nyingine upande wa pili, arudi katikati, aache chuma kipoe mpaka mkono unaweza kukigusa, kisha azibe mapengo kidogo kidogo. Mahali bati jipya linapolalia ukingo wa uti, atoboe matundu ya milimita 6 hadi 8 kwenye bati la juu na kuyajaza kwa weldi. Hivyo ataiga pointi za kiwandani, na ikibidi siku moja kazi ifumuliwe, itafumuka bila kuharibu uti.

Reli za viti zimeshikiliwa na sakafu hiyo hiyo. Kabla ya weldi ya mwisho rudisha viti kwa majaribio, uvisukume mbele na nyuma. Reli ikikaa upande kwa milimita chache tu kiti kitakwama, na kiti kisichojifunga vizuri kwenye reli yake kinaweza kuteleza dereva anapofunga breki ghafla. Hapo ndipo ninapokataa habari ya bati juu ya bati. Sakafu imebeba uzito wa watu, na katika ajali ndiyo inayotakiwa kuwashikilia.

Weldi ikishapoa na kusagwa, mpangilio wa kupaka una maana kubwa kuliko bei ya rangi. Kwanza praima ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili, juu na chini, siku hiyo hiyo, maana bati tupu likilala usiku mmoja kwenye hewa ya bahari asubuhi utalikuta limepata rangi ya kahawia. Pili gundi ya viungo kwenye kila mstari ambapo bati mbili zimekutana. Tatu rangi. Mwisho kabisa, upande wa chini, lami ya kuzuia kutu. Ukianza na lami juu ya kutu, au juu ya chuma chenye unyevu, utakuwa umeifungia kutu ndani ambako huwezi kuiona.

Swali. Mimi nina pikapu ya kubeba samaki kutoka bandarini. Sakafu ya kabini niliiziba mwaka jana kwa mabati ya kuezekea, nikapiga ribiti, nikafunika kwa faiba na kumaliza kwa oili chafu chini yake. Baada ya mvua moja tu imeoza kuliko mwanzo. Nilikosea wapi?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu. Ndugu yangu, hukukosea kwa uvivu, maana naona ulifanya kazi nyingi. Tatizo ni kwamba kila hatua ilisaidia kutu.

Maji ya bahari yana chumvi ya karibu gramu 35 kwa kila lita, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye makreti ya samaki na barafu hubeba sehemu ya chumvi hiyo hadi kwenye viatu vyako na kwenye sakafu. Kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kwenye uso wa chuma chenye unyevu, na chumvi huyafanya maji hayo yapitishe umeme kwa wepesi zaidi. Ulipobandika bati juu ya bati, uliacha uwazi mwembamba kati yake, na uwazi wa namna hiyo hunyonya maji kama utambi wa taa. Bati la kuezekea halifiki nusu milimita, kwa hiyo limekwisha haraka. Faiba nayo haishikani na kutu; hushikana na vumbi la kutu, ambalo lenyewe halijashikana na kitu. Gari linapopinda kidogo njiani, chuma hucheza na faiba hupasuka, na ufa wake hauonekani kwa macho. Kama ribiti zako zilikuwa za alumini, kukutana kwa alumini, chuma na maji ya chumvi ni sawa na kutengeneza betri ndogo ndani ya sakafu.

Oili chafu nimeulizwa mara nyingi. Ni kweli kwamba mafuta huzuia maji kwa muda, na wazee wetu waliitumia wakati hapakuwa na kitu kingine. Lakini huozesha raba za chini ya gari, hudondokea ardhini na visimani, haifai kugusa ngozi kila mara kwa sababu ina kemikali zinazosababisha saratani, na siku fundi atakapokuja kuchomelea itawaka. Ndani ya maboksi yaliyofungwa tumia nta ya kupuliza inayotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ng'oa yote. Fuata maelekezo niliyompa msomaji wa Tanga. Sehemu ambazo kutu ni ya juu tu na chuma bado ni kizima, zisugue kwa brashi ya waya kisha upake dawa ya kubadili kutu. Dawa hizo zina asidi ya fosforasi au tanini, ambazo hugeuza kutu kuwa kitu cheusi kilichotulia kinachokubali rangi. Tanini ndiyo ile iliyomo kwenye magome ya mikoko, iliyofanya magome hayo yauzwe ng'ambo kwa ajili ya kutengeneza ngozi za wanyama. Dawa hiyo haizibi tundu wala hairudishi chuma kilichokwisha; itumie pale tu ambapo bisibisi haipenyi. Kisha, kila jioni baada ya kushusha mzigo, suuza kabini na sehemu ya chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Zulia usilirudishe kabisa. Weka mkeka wa raba unaoweza kuutoa na kuuanika.

Swali. Shikamoo mzee. Mimi ni kijana ninayejifunza kuchomelea bodi za magari. Nikichomelea mabati yenye zinki, jioni napata homa na kutetemeka, lakini asubuhi napona. Wenzangu wananiambia ninywe maziwa kabla ya kazi. Je, yanasaidia?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu. Marahaba, mwanangu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na moshi unakwenda kwenye mapafu. Hayakukingi hata kidogo.

Hiyo homa inajulikana na madaktari: hutokana na kuvuta moshi wa zinki iliyoungua, huanza saa chache baada ya kazi na mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu inaisha yenyewe, vijana wengi huizoea na kuiona kama sehemu ya ufundi. Usiizoee. Saga zinki yote kwenye ukanda utakaochomelea, sentimita tatu au nne kila upande wa mstari, hadi uone chuma cheupe, ukiwa umevaa barakoa kwa sababu vumbi lake nalo lina madhara. Fanya kazi mahali penye upepo, simama upande upepo unakotoka, na usiweke kichwa ndani ya kabini iliyofungwa. Kitambaa ulichofunga puani hakichuji moshi wa weldi; inatakiwa barakoa yenye kichujio cha moshi wa chuma. Mwanga nao unahitaji kioo cha kofia chenye giza la kutosha, namba 10 au zaidi kwa kazi ya kawaida ya MIG. Na kama siku moja homa haiishi, au kifua kinabana, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umweleze daktari ulichokuwa unachomelea.

Swali. Nina Land Rover ya mwaka 1978. Niliinunua kwa kuambiwa kwamba bodi yake ni ya alumini na haishiki kutu. Sasa dereva wangu ameweka mguu kwenye klachi na kisigino kimetokea nje. Nimedanganywa?
*Msomaji, Iringa*

Jibu. Umeambiwa nusu ya ukweli. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya vita, na watengenezaji wakaamua kutumia mchanganyiko wa alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Lakini chesi ni ya chuma, na ule ukuta unaotenganisha injini na kabini, pamoja na vyumba viwili vya miguu vilivyo sehemu yake ya chini, ni wa chuma pia. Hapo kisigino cha dereva wako kilipopita ni pa chuma siku zote.

Tope hurushwa na matairi ya mbele, hukwama nyuma ya mbawa, yale mabati yanayofunika matairi hayo, na kukaa na unyevu wake hata wakati wa kiangazi. Vyumba vya miguu hupatikana vikiwa vimetengenezwa tayari, na mabamba ya sakafu yanafunguliwa kwa bolti, kwa hiyo kazi si ngumu kama ya magari mengi. Kabla ya kuianza, kagua mikono ya chesi inayotokeza pembeni na kuubeba ukuta huo. Gonga kama nilivyoeleza juu. Mkono wa chesi ukiwa umeoza, chumba kipya cha miguu kitakuwa kimechomelewa kwenye kitu kinachoning'inia.

Mahali alumini inapokutana na chuma utaona unga mweupe na malengelenge. Unapofunga upya, weka utepe wa raba au gundi ya viungo kati ya madini hayo mawili, na upake gundi hiyo hata kwenye shingo za bolti.

Swali. Gari langu ni Toyota Noah lililotoka Japani. Zulia la abiria wa mbele linalowa hata mwezi mzima ukipita bila mvua. Fundi ametaka kung'oa kioo cha mbele. Nimruhusu?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu. Usimruhusu kwanza. Washa kiyoyozi kwa dakika kumi na tano gari likiwa limesimama, kisha angalia chini yake. Kiyoyozi kinachofanya kazi hudondosha maji barabarani kupitia mpira mdogo unaotoka kwenye ukuta wa mbele. Ikiwa hakuna tone, mpira huo umezibwa na vumbi au majani, na maji yanarudi ndani hadi miguuni kwa abiria. Uzibue kwa kupuliza hewa taratibu au kwa waya laini, bila kuusukuma kwa nguvu. Lakini kama unyevu huo unanata vidoleni na una harufu tamu, hayo ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye kipasha joto cha ndani, na tiba yake ni nyingine.

Kwa kuwa gari limetoka Japani, mwombe fundi alinyanyue na kutazama chini pia, kwa sababu sehemu zenye theluji za nchi hiyo humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na gari lililotumika huko linaweza kufika hapa likiwa tayari limeanza kuliwa kwenye maungio. Kisha inua zulia lote. Chini yake kuna sponji nene ambayo hubaki na maji hata zulia likiwa kavu juu. Itoe nje kabisa, uianike juani siku mbili au tatu, na usiirudishe mpaka ukiikamua kwa mikono isitoe hata unyevu.